Ushanga Juu ya Barafu

Juzi mmoja wenu, kijana wa mwaka wa pili katika shule ya uuguzi hapa Kasongo, alikuja kuniuliza siri ya kazi yetu ya zamani. Alikuwa na daftari jipya na kalamu mbili, kana kwamba maneno yangu yangemaliza wino. Nilimwambia, "Siri ni kunawa mikono na kutopiga chafya juu ya kioo." Akaandika. Akanywa chai, akaaga, akaenda zake.

Nilimdanganya. Siri ilikuwepo palepale, hatua tano kutoka kiti chake, imekaa kwenye mkeka ikichambua mchele. Jina lake Riziki, binti wa marehemu kaka yangu mkubwa. Kijana alimsalimu, naye hakuitikia, kwa hiyo akadhani ni kiziwi. Riziki si kiziwi. Mimi ndiye niliyempotezea akili, kwa ushanga mmoja mwekundu mdogo kama punje ya mtama. Nataka niwaeleze nilivyofanya, kwa sababu mnaingia katika kazi ileile, na barabara ya Kabambare bado haijatengenezwa.

Mimi niliishia sekondari, sehemu ya biolojia na kemia. Diploma ya kumaliza sekondari niliipata, chuo sikukiona. Labo, yaani maabara, niliingia kwa sababu Papa Selemani, mzee wa labo ya kituo chetu, alikuwa akitafuta mtu anayejua kusoma na asiyetetemeka.

"Nyosha mikono," aliniambia siku ya kwanza. Nikanyosha. "Inatetemeka."

"Ni njaa, Papa."

"Basi uende kula, kiisha urudi. Mutu wa njaa anaona wadudu wenye hawako."

Kazi yetu kubwa ilikuwa ugonjwa wa usingizi, ule unaoletwa na mbung'o. Ninyi leo mna vidonge na vipimo vya haraka, na wengine wenu hamjawahi kumwona mgonjwa mmoja. Sisi tulikuwa tunawaona wakiletwa kwa baiskeli, wamefungwa kwa kitenge mgongoni mwa ndugu zao wasianguke, wamelala mchana huku midomo ikiwa bado na bugali. Tuliwatoboa kidole, tukatazama damu kwa mikroskopi, tukitafuta mdudu mmoja katika bahari ya chembe nyekundu.

Wiki ya kwanza nilimwita mzee kwa kelele. "Papa! Nimewaona! Wako wengi!"

Akaja polepole, akainama. "Hawa wanaenda wapi?"

"Wamesimama, Papa."

"Mdudu wa usingizi hasimami. Anahangaika sawa mutu aliyepoteza mbuzi. Hizi ni pumzi za hewa. Umehesabu hewa kumi na saba." Tangu siku hiyo, kila nilipokosea aliniita Bwana Hewa, hata mbele ya wagonjwa. Jina la Papa Labo lilikuja baadaye sana, baada ya yeye kustaafu, na sikulistahili.

Alinifundisha mambo ambayo hayamo katika vitabu vyenu. Vioo vya kupakia damu vioshwe kwa maji ya majivu yaliyochujwa, kisha visimamishwe wima vikauke, visilazwe. Lenzi ifutwe kwa kipande cha kitenge kilichofuliwa mpaka kimesahau rangi yake, kwa maana kitambaa kipya hukwaruza. Jicho likichoka, toka nje utazame majani ya mgomba mpaka uhisi machozi yamekauka. Tena usimuulize mgonjwa kama anaogopa, muulize ametoka njia gani. Akianza kukuhadithia mashimo ya barabara, mtoboe kidole.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hata Papa Selemani hakuwa na ujanja nalo. Ugonjwa ule una hatua mbili. Kwanza wadudu wako katika damu, kisha wanaingia katika ubongo. Dawa ya hatua ya kwanza haifiki ubongoni, na dawa ya hatua ya pili wakati ule ilikuwa kali, haikutolewa ovyo. Njia ya kujua mgonjwa yuko hatua gani ilikuwa moja tu: sindano ndefu katika uti wa mgongo, kutoa maji ya ubongo na kuyatazama.

Watu waliiogopa kuliko ugonjwa wenyewe. Walisema mwanamume akitolewa maji yale hatapanda tena kitanda cha mkewe, na mwanamke hatabeba tena mzigo wa kuni. Niliwahi kumkimbiza mzee mmoja wa kijiji cha Wamaza kuzunguka kituo mara mbili. Yeye alikuwa na homa, mimi nina miguu mizima, na hakukamatika. Alisimama ng'ambo ya mtaro akanipigia kelele, "Papa, choma ya kwako mgongo kwanza, mi nione!" Watu walicheka, nami nikacheka. Yule mzee hakurudi. Tulisikia baada ya mvua mbili kwamba alizikwa.

Ndipo akaja Dokta Feza.

Alikuwa mwanamke mfupi, mzaliwa wa Maniema aliyesomea mbali, na alipofika hakuuliza nyumba yake iko wapi. Aliuliza umeme wetu unawaka saa ngapi kwa siku. Tulipomwambia, alicheka mpaka akakaa. Kisha akafungua mizigo yake.

Alitaka kupima mazungumzo ya ubongo. Mimi nilidhani ni maneno ya kitabu tu, mpaka akanieleza kwa jambo ninalolijua.

"Papa Labo, jirani yako akikosa chumvi, unafanya nini?"

"Ninamufungia kidogo katika jani, ninamutumia."

"Njo vile. Chembe za ubongo nazo ni majirani. Hii inafunga kitu kidogo ndani ya kifuko, inarusha. Ile inapokea, inafungua, inajua jirani anataka nini. Sasa, kijiji kikipatwa na moto, itakuwa namna gani?"

"Kila mutu atatuma."

"Kila mutu atatuma, na vifurushi vingine vitaanguka njiani. Mdudu akiingia ubongoni, chembe zinarusha vifuko ovyo, na vingine vinaponyoka mpaka ndani ya damu. Mi nataka kuviokota vile vilivyoanguka, nivihesabu. Tone la damu la kidole, basi. Hakuna tena sindano ya mgongo."

Nilimfikiria yule mzee ng'ambo ya mtaro.

Vifuko hivyo huwezi kuviona kwa mikroskopi yetu, hata ukikodoa macho namna gani. Kwa hiyo alitengeneza chombo. Kilikuwa kisahani cha plastiki chenye mfereji mwembamba kama unywele, na sakafu ya mfereji ilipakwa dawa inayonasa vifuko vyenye alama ya ubongo. Unazungusha damu kwa mashine mpaka chembe nyekundu zizame na maji yake ya manjano yabaki juu. Unapitisha maji yale katika mfereji, unamwaga rangi, unaingiza kisahani katika kisanduku cheusi, mwanga unawaka, namba inatoka.

Usidhani kilifanya kazi siku ya kwanza. Kisahani cha kwanza kilivuja. Cha pili sisimizi walikula gundi yake, na Dokta Feza akakaa akiwatazama wakiondoka kwa mstari, akasema, "Angalau kuna mtu amefaidi." Cha tatu kilikataa kwa sababu ya unyevu: masika yakianza, dawa ya sakafu ilifanya ukungu, na namba zikatoka za ajabu. Hapo mimi nilifaa. Mama yangu alikuwa akiweka mchele uliokaangwa ndani ya kopo la chumvi ili isilowe. Nilikaanga mchele wa hapa Kasongo, nikaufunga katika kitambaa, nikaweka visahani pamoja nao katika kopo la maziwa ya unga. Ukungu ukaisha.

Dokta Feza aliruka kama mtoto. Aliandika jina langu katika karatasi za mradi: Ramazani, mtu wa labo. Niliitazama karatasi ile mara nyingi kuliko nilivyomtazama mke wangu. Nilijiona mtengenezaji wa chombo. Kumbukeni hilo, kwa sababu mtu asiye na jina la kulinda pengine hasemi uongo wa namna yangu.

Kilichobaki kilikuwa ni kuchora mstari, yaani namba ambayo chini yake ubongo ni salama, na juu yake mdudu ameingia. Ili kuuchora, Dokta Feza alihitaji damu ya watu ambao sindano ya mgongo ilikwisha kuonyesha kwamba ubongo wao ni safi. Watu hao walikuwa wamekusanywa Kabambare. Kule hakukuwa na mashine ya kuzungushia damu. Damu ilipaswa kutolewa kule, iwekwe kwenye sanduku la barafu, ifike Kasongo ingali baridi, izungushwe siku ileile.

"Damu ikipata joto," Dokta Feza aliniambia, "chembe zake zinapasuka, zinaacha vipande. Chombo changu kina macho, lakini si macho ya Mungu. Vipande vikizidi, kitavinasa navyo, kitadhani ni vifuko."

"Na nitajuaje kama sanduku lilipata joto njiani halafu likapoa?"

Aliyejibu alikuwa Papa Selemani, aliyekuwa amestaafu lakini akija kila asubuhi kunywa chai yetu. Alichukua kichupa kidogo, akajaza maji, akagandisha, akaweka juu ya barafu ushanga mwekundu wa mke wake. "Weka hii ndani ya sanduku. Barafu ikiyeyuka, ushanga utazama. Igande tena, ushanga utabaki chini. Mutu anaweza kudanganya. Ushanga hauna mdomo."

Dokta Feza alimbusu mkono.

Nilisafiri kwa pikipiki. Na hapa niwape ujuzi, ingawa mwisho wake ni mbaya. Sanduku la damu usilifunge nyuma kwenye kibebeo, kule ndiko kunakotikisika zaidi. Lifunge mgongoni mwako kama mtoto, kwa vitenge viwili, mwili wako ule mashimo kwa niaba yake. Kati ya sanduku na kitambaa jaza pumba za mpunga zilizolowa maji kidogo. Daraja la miti, shuka usukume, hata kama vijana wa Salamabila wanakucheka wakikupita wakiwa watatu kwenye pikipiki moja. Ondoka kabla jua halijapanda, na usisimame.

Mimi nilisimama.

Nilikuwa nimetoka Kabambare alfajiri na damu za wote. Nilipofika Wamaza, nyumbani kwa wakwe zangu, nilikuta watu wamejaa uani na moto umekokwa nje. Baba mkwe mdogo alikuwa amekufa asubuhi ile. Waliniona kutoka mbali. Mkwe hapiti kwenye kilio cha wakwe zake na pikipiki. Nilishuka, nikalishusha sanduku kutoka mgongoni, nikaliweka ukutani penye kivuli, nikaenda kukaa chini na wanaume.

Kwa ukoo wa mke wangu, mkwe aliyekaa chini kwenye kilio hajiinui mwenyewe. Mtu wa ukoo humshika mkono akamwinua, naye hapo ndipo huwa huru kwenda. Akijiinua mwenyewe, ni kana kwamba amesema mzigo wa marehemu haumhusu. Nilidhani wataniinua upesi, kwa kuwa wanajua niko kazini. Shemeji yangu Kitenge, ndugu wa mke wangu, alikaa karibu nami.

"Shemeji, umefika muzuri. Mungu njo alikuleta."

"Pole sana, shemeji. Ila niko na safari."

"Safari haina miguu, haiwezi kukimbia." Akanipiga begani. "Ile sanduku ni ya nini?"

Niseme nini? Kwamba nimebeba damu za watu ndani ya sanduku, na nimeliweka kwenye ukuta wa nyumba ya maiti? Mnajua maneno yanayosemwa huku kwetu juu ya watu wanaobeba damu. Nikasema, "Ni dawa."

"Basi dawa inaweza kungojea mufu."

Nikakaa. Jua likapanda, na kivuli kikahama. Nilikitazama kikitoka kwenye kifuniko, kikishuka ubavuni mwa sanduku, kikiliacha kama mtu anayemvua mwenzake nguo. Ningeweza kusema neno moja. Ningeweza kumwomba mtoto yeyote alisogeze, lakini niliogopa ataligusa, alifungue, mayowe yaanze. Nilikaa mikono magotini, nikiomboleza na wengine, na watu wakasema mkwe huyu ana uchungu wa kweli. Kitenge aliponishika mkono kuniinua, sanduku lilikuwa juani tangu saa tano mpaka saa tisa.

Nilipofika Kasongo, Dokta Feza alikuwa ametoka kwenda wodini. Nilifungua sanduku peke yangu. Vibao vya barafu vilikuwa maji ya uvuguvugu. Nilitoa kichupa cha Papa Selemani, nikakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ushanga ulikuwa umelala chini.

Vijana, nawaapia, sikufikiri muda mrefu. Watu husema mtu hupambana na dhamiri. Mimi sikupambana. Nilifikiria jina langu kwenye karatasi. Nilifikiria kurudi Kabambare kuwaomba watu walewale vidole vyao mara ya pili, na maneno watakayosema. Nilitoa ushanga kwa kijiti, nikaweka kichupa kwenye friza pamoja na vibao, nikazungusha damu. Maji yalipoganda, niliweka ushanga juu, nikadondosha tone moja la maji ili ushike. Nikarudisha vyote sandukuni. Mikono yangu haikutetemeka hata kidogo. Papa Selemani angejivunia.

Katika rejista niliandika: Imefika baridi.

Dokta Feza aliporudi usiku, alishika chupa moja iliyokwisha kuzungushwa, akaigeuza kwenye mwanga. Maji yake, yaliyopaswa kuwa ya manjano, yalikuwa na wekundu kama chai iliyochujwa mara ya pili.

"Papa Labo, hii imekuwa nyekundu kidogo. Sivyo?"

"Ni barabara, Dokta. Ilitikisika sana. Mashimo ya kule unayajua."

"Zote?"

"Barabara ni moja, Dokta."

Kisha akafungua sanduku, akatoa kichupa, akautazama ushanga juu ya barafu. Mabega yake yakashuka, na akatabasamu kwa uchovu. "Basi ni barabara," alisema. "Ushanga hauna mdomo."

Alichora mstari wake kwa damu ile. Watu wenye ubongo safi walionekana wana vifuko vingi, kwa sababu vipande vya joto la Wamaza vilihesabiwa pamoja navyo. Mstari ukakaa juu mno. Yeye hakujua. Mimi nilijua, na nilijiambia kwamba sanduku moja ni dogo, na kwamba mambo ya namba hujirekebisha. Niliendelea kukaanga mchele.

Sasa Riziki.

Alikuwa akipikia wachimbaji dhahabu kule Salamabila. Mwanamke wa mdomo, wa kicheko. Wachimbaji walimwita Mama Pilipili, na mtu aliyetaka kula bila kulipa alitungiwa wimbo palepale. Siku moja alilala akisonga bugali, akauchoma mkono wake. Kesho yake akalala tena amesimama. Kaka yangu alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo walimleta kwangu. Nilimfyonza tone la maji kwenye tezi ya shingo, nikaweka kioo chini ya mikroskopi, na mdudu alikuwepo. Alihangaika kama mtu aliyepoteza mbuzi.

Sheria ya mradi ilikuwa wazi: chombo bado kiko katika majaribio, kila mgonjwa apimwe kwa chombo, na sindano ya mgongo ifanywe vilevile. Riziki alipoona sindano kwenye sinia, alinishika koti.

"Baba mdogo, hapana. Hapana ile. Ile inaua mutu akiwa muzima."

"Riziki, ni dakika moja tu."

"Si uko na kile chombo chako? Kila siku unajisifu nacho. Unasema kimemaliza sindano. Ao ulikuwa unatudanganya?"

Alisema akijaribu kucheka, lakini meno yalikuwa yakigongana. Nilipima damu yake. Namba ilitoka chini ya mstari. Si mbali sana chini yake, lakini chini.

Nilijua mstari ule ulivyochorwa. Mtu mwingine wa labo angeweza kusema, sikujua. Mimi siwezi. Lakini mbele yangu alisimama mtoto wa kaka yangu, niliyembeba alipokuwa na kichwa cha ukubwa wa chungwa, na namba ilikuwa imesema alichotaka kusikia, nami nilichotaka kusikia: kwamba chombo chetu ni kizuri, kwamba uongo wangu haukudhuru mtu. Katika rejista, mahali pa sindano, niliandika kwamba mgonjwa amekataa.

"Leo hakuna sindano ya mgongo," nilimwambia.

Alinikumbatia mbele ya watu wote. Akapewa dawa ya hatua ya kwanza, akarudi Salamabila akiimba.

Walimrudisha wakati wa kuvuna mpunga. Alikuwa akizungumza na sufuria. Alicheka pasipo mzaha, akalia pasipo kilio, na mchana alilala huku macho yakiwa wazi. Safari hii sindano ilifanywa, naye hakupinga, hata hakujua. Maji ya mgongo wake yalikuwa yamejaa wadudu. Sikuhitaji kusubiri jicho lipumzike. Walikuwa wakihangaika kila mahali nilipotazama.

Dawa kali iliwaua wadudu wote. Daktari wa wodi aliniambia amepona, na kwa karatasi ni kweli. Lakini mdudu akifa harudishi alichokula.

Wagonjwa wengine pia walianza kutofautiana. Chombo kilisema hivi, sindano ikasema vile. Mimi peke yangu nilijua kwa nini, na nilimtazama Dokta Feza akikaa siku nzima mbele ya daftari zake akitafuta kosa katika dawa yake, katika rangi yake, katika kichwa chake. Alikonda. Wenye mradi walioko mbali waliandika kwamba chombo hakiaminiki, wakaufunga. Alipokuwa akifunga mizigo aliniachia kopo la maziwa na mchele wake wa kukaanga ndani. "Hiki tu ndicho kilichofanya kazi," alisema.

Hata hapo sikusema.

Nilisema baadaye, Papa Selemani alipokwisha kufa, nilipokuwa bado nikimlisha Riziki kwa kijiko. Nilipanda kilimani penye mtandao, nikampigia. Nilimweleza yote: kilio, kivuli, ushanga.

"Sanduku lilikaa juani kwa muda wa saa ngapi?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya kazi.

"Saa nne, Dokta."

"Saa nne." Akavuta pumzi. "Papa, ungeandika tu. Ungeandika: imeyeyuka. Tungetupa sanduku moja. Sanduku moja tu, Papa."

Nilimwuliza kama anaweza kuanza upya, sasa anapojua. Alisema damu zilikwisha kutupwa, visahani vilikwisha, na watu waliompa nafasi ile hawatampa tena. Alisema anafundisha sasa, hafanyi utafiti. Kisha akauliza, "Na Riziki?" Nikamwambia. Hakunifariji, na namshukuru. Hatujazungumza tena.

Kwa hiyo watu walipimwa kwa sindano ya mgongo miaka mingine mingi, na wengine walikimbia ng'ambo ya mtaro kama yule mzee wa Wamaza, wakaenda kufa kwao. Siwezi kuwahesabu. Nilikuwa hodari wa kuhesabu, lakini hao siwezi.

Mtaniuliza ningefanyaje mbele ya wakwe. Nimelifikiria kila siku, na jibu linanichukiza kwa wepesi wake. Ningekaa hivyohivyo. Kukaa kwenye kilio hakukuwa kosa, na hata jua halikuwa kosa. Kosa lilianza nilipokuwa peke yangu dirishani, ushanga uko chini, rejista iko wazi, na kalamu ina wino. Barafu itayeyuka, vijana. Katika barabara hizi itayeyuka tu. Andikeni kwamba imeyeyuka. Sisemi kwamba mtapata amani. Mtatukanwa, mtarudi Kabambare kuomba vidole mara ya pili, na watu watawafukuza. Andikeni hivyohivyo.

Ushanga ninao bado. Uko katika kopo lile la maziwa, na mchele umegeuka unga.

Kila asubuhi, nikimaliza kumnawisha Riziki uso, ananishika mkono wa shati, macho yake yananitafuta kama mtu anayetazama ndani ya kisima. Katika maneno yote aliyokuwa nayo, katika nyimbo zote za Mama Pilipili, moja ndilo lililobaki zima.

"Baba mdogo," ananiuliza, "leo kuna sindano ya mgongo?"

Nami namjibu vilevile nilivyomjibu siku ile, kwa sababu sina jibu jingine la kumpa.

"Hapana, mama. Leo hakuna."

Anacheka, anarudi kuchambua mchele wake.